Ngoma ya Kale Haipigwi Msasa

"Nimeshaisafisha, inang'aa, wewe taja bei tu." Maneno haya hayakomi Mtwara, na nyuma yake kuna ngoma ya Kimakonde iliyoharibiwa. Watu wanaamini msasa na vanishi vinaipandishia ngoma thamani. Vinaiua. Umri wa ngoma unasomwa kwenye uso wa mti: masizi ya jikoni, mng'ao pale mikono ilipokuwa ikishika, mguu uliolika kwa kuchomekwa ardhini, alama za tezo kwa ndani. Dakika 10 za msasa zinafuta yote hayo, na hakuna fundi wa kuyarudisha. Vanishi nayo huziba nje peke yake. Unyevu wa pwani unaingia kwa ndani, mti unavimba upande mmoja, ufa unafuata.

Tumia brashi mpya laini ya inchi 1, ukifuata mkondo wa nyuzi za mti, kisha kitambaa kikavu cha pamba. Uchafu ulioganda unataka kitambaa chenye maji kilichokamuliwa sana: safisha eneo la kiganja kimoja, kausha hapohapo, ndipo usogee. Ngozi isiguswe na maji. Na jamani, mafuta ya maganda ya korosho yaacheni kwenye nguzo za nyumba! Mchwa yanafukuza kweli, lakini yananata, yanatia weusi usiotoka na yanababua mikono.

"Ni nyeusi, basi ni mpingo." Hapana. Mpingo una takriban kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, unazama majini, na gogo lake pana lililonyooka ni adimu. Huo ni mti wa klarineti, ala ya kupuliza. Ngoma kwa kawaida huchongwa kwa mti mwepesi. Weusi uliolingana hadi chini ya mguu, unaohamia kwenye kitambaa cheupe na kunuka nta, ni dawa ya viatu.

"Ngozi imelegea, ibadilishwe." Mara nyingi ni unyevu wa masika. Iweke kivulini penye upepo siku 2 au 3. Moto ni wa ngoma inayokwenda kupigwa. Ngozi kongwe ikikazwa kwa moto huchanika kwenye vigingi.

"Haina historia." Inayo, ila haijaandikwa. Karl Weule, mtafiti wa tamaduni kutoka Ujerumani, alipopita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, vitu alivyokusanya vilipelekwa mji wa Leipzig, Ujerumani, pamoja na maelezo yake. Nawe fanya hivyo: muulize mzee mwenye ngoma inaitwaje Kimakonde, ilichongwa kijiji gani, ilipigwa kwenye shughuli ipi. Andika kwa penseli kwenye karatasi, uifunge kwa uzi kwenye kigingi. Gundi usitumie.