Mdomo umeshonwa, mbona meno hayakutani?

Juzi kaja bibi mmoja hapa Tanga mjini, katokea Muheza na mjukuu wake wa miaka 9, kijana alizaliwa na mdomo sungura na kaakaa limepasuka, vyote vikashonwa akiwa mdogo. Baada ya shikamoo tu akaanza, "Dokta, huyu andazi halimegi kwa meno ya mbele, analinyofoa kwa mkono halafu analisukumia huku pembeni." Nikakata ukanda wa karatasi nikamwekea kijana mbele, haya uma, nikavuta, ikateleza ikatoka bila hata alama ya jino. Meno ya juu yalikuwa yamekaa nyuma ya ya chini, na ule ubavu wenye pengo nao vilevile, ya juu yameingia ndani.

Bibi anadhani kosa ni la waliomshona. Hapana jamani, ingawa sindano nayo imo kidogo. Kaakaa likishonwa linabaki na kovu, na kovu halivutiki kama nyama nyingine, sasa taya la juu likitaka kutanuka na kwenda mbele linakuta limefungwa, la chini halina kovu lolote lenyewe linakua zake. Sri Lanka walipimwa watu waliokua wakubwa bila kushonwa kabisa, utafiti ukatoka 1990, taya zao za juu zilikua vizuri tu! Ila asije mtu akamwacha mwanawe hivyo kisa nimesema, kaakaa likiwa wazi maziwa yanatokea puani na maneno hayaeleweki, taya tutalishughulikia baadaye, kuongea kukichelewa ni kazi kwelikweli.

Kingine, ambacho kwa nje hukioni, ni mfupa. Mdomo umefungwa sawa, lakini ndani ya fizi mfupa bado una ufa, na jino la pili kutoka katikati upande huo mara nyingi halipo, au limeota kadogo limepinda. Nyuma yake chonge inakuja na inataka mfupa wa kushukia. Ndo maana tunapandikiza mfupa, mara nyingi unachotwa kwenye nyonga ya mtoto mwenyewe, kwenye miaka 8 hadi 11 hivi kabla chonge haijatoka, maana ikishatoka matokeo hayawi mazuri kama mwanzo. Hapa ndo tunapopotezana na wazazi, mdomo ukishonwa watu wanashukuru Mungu wanaenda zao, unakuja kumwona tena ana miaka 17 kidevu kimetangulia, na huyo kama taya zimepishana sana waya peke yake hazimtoshi, atasubiri amalize kukua ndo taya la juu likatwe lisogezwe mbele.

Huyu wa Muheza kawahi. Kwenye eksrei chonge bado iko juu. Ana meno mawili yametoboka, hayo nayaziba kwanza, mfupa haupandikizwi kwenye kinywa kibovu, halafu naweka waya ya kutanua taya, miezi kadhaa, ndo tuongee habari ya nyonga. Bibi katulia weee, mwisho akauliza, na mkate wa ajemi je? Nikamwambia siku za mwanzo achovye kwenye chai.