"Mbona hawakupigana?" na makosa mengine yanayoharibu riwaya za Maangamizi ya Wayahudi

Kazi yangu ni kuhariri riwaya za kihistoria, na miswada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia haikauki mezani. Wiki iliyopita nimekutana tena na kosa lile lile. Safari hii alilisema babu, akimhadithia mjukuu wake: "Walikwenda kama kondoo." Nilipompigia mwandishi, akaniuliza kwa nia njema kabisa: Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wajerumani wa Hitler, mbona hawakupigana? Nimeulizwa hivyo na waandishi, na wasomaji, hata na walimu wa historia. Nimechoka kulijibu kwa simu.

Tuanze na maneno yenyewe. Kondoo wa kuchinjwa wamo katika Zaburi ya 44, lakini katika vita hivi msemo huo ulikuwa wito wa kushika silaha. Usiku wa kuamkia mwaka 1942, ndani ya geto, yaani mtaa ambamo Wajerumani waliwafungia Wayahudi, la Vilna, mji ambao leo ni Vilnius nchini Lithuania, vijana walikusanyika kwa siri wakasomewa tangazo la mshairi Abba Kovner: tusiende kama kondoo machinjioni. Wayahudi wengi wa mji huo walikuwa wameshapigwa risasi katika msitu wa Ponary, na Kovner alikuwa miongoni mwa wa kwanza kusema waziwazi kwamba Hitler amekusudia kuwaua Wayahudi wote wa Ulaya. Wito wa vijana wale leo umekuwa lawama wanayotupiwa marehemu. Ndiyo maana naukata kila nikiuona.

Halafu nenda na geto hilo hilo hadi Julai 1943. Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walimtaka Yitzhak Wittenberg, kamanda wa kikosi cha siri. Asipotolewa, geto lote litaangamizwa. Wakazi wenye watoto na wazee wakashinikiza ajisalimishe. Wapiganaji wake walikuwa na silaha, lakini wangezitumia dhidi ya nani? Dhidi ya majirani zao wenyewe? Wittenberg akaukabidhi uongozi kwa Kovner, akatoka kwa miguu yake. Hakurudi. Kila ukitaka kuuliza mbona hawakupigana, jiweke kwanza katika nafasi ya mama wa watoto watatu asubuhi ile.

Na kuna wafungwa wa kivita wa Kisovieti. Zaidi ya milioni 3 walikufa mikononi mwa Wajerumani, kwa njaa, baridi na risasi. Hao walikuwa wanaume wenye mafunzo ya kijeshi. Sijawahi kupokea muswada unaowaita kondoo.

Tena walipigana. Katika geto la Warsaw, Poland, walianza 19 Aprili 1943 wakiwa na bastola, mabomu ya kutengeneza wenyewe na chupa za petroli, chini ya Mordechai Anielewicz, kijana wa miaka 24, wakawashughulisha Wajerumani karibu mwezi mzima. Katika kambi za mauaji pia: Treblinka waliasi Agosti mwaka huo, Sobibor Oktoba. Auschwitz waliasi Oktoba 1944, kwa baruti iliyoibwa kidogo kidogo na wanawake waliokuwa wakifanyishwa kazi katika kiwanda cha silaha. Kwa ajili ya baruti hiyo, Roza Robota na wanawake wenzake watatu walinyongwa Januari 1945. Ndugu wa Bielski, Wayahudi walioongoza kikosi cha wapiganaji katika msitu wa Naliboki, katika nchi ambayo leo ni Belarus, waliwapokea hata vikongwe na watoto wasioweza kushika bunduki, na watu wapatao 1,200 wakatoka msituni hai.

Hapo ndipo waandishi wangu wanapoangukia upande wa pili: wakishajua hayo, kila mhusika anapewa bastola. Warsaw, wapiganaji walikuwa mamia tu. Walikuwapo pia maelfu ya wakazi waliochimba maficho chini ya nyumba zao, hata Wajerumani walipoingia wakakuta mitaa mitupu, ikawabidi wachome jengo baada ya jengo. Walikuwapo watoto waliopenya ukuta wa geto kuingiza viazi, wakati mgao rasmi wa Myahudi mwaka 1941 haukufika kalori 200 kwa siku. Mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake, humo humo getoni, walikusanya shajara, matangazo, hata kadi za chakula, wakazifukia katika masanduku ya bati na makopo ya maziwa. Sehemu ilifukuliwa 1946, nyingine 1950. Sharti langu kwa kila mwandishi ni moja: kabla hujampa mhusika silaha, niletee ukurasa mmoja unaoonyesha amekula nini siku hiyo na amekipata wapi. Asiyeweza kuuandika ukurasa huo, bastola yake hainishughulishi.

Mengine ni mafupi. "Manusura wa Treblinka alikuwa na namba mkononi." Hapana. Namba zilichorwa kwenye ngozi Auschwitz tu. Waliofikishwa Treblinka, karibu wote waliuawa saa chache baada ya kushuka kwenye treni.

"Mfalme wa Denmark alivaa nyota ya njano," ile alama ambayo Wajerumani waliwalazimisha Wayahudi kuivaa. Hakuivaa, kwa sababu Wayahudi wa Denmark hawakulazimishwa kuivaa. Kisa cha kweli kinashinda hicho: Oktoba 1943 wavuvi na raia wengine waliwavusha Wayahudi zaidi ya 7,000 hadi Sweden.

"Afrika haihusiki." Usiku wa kuamkia 8 Novemba 1942, raia wapatao 400, wengi wao vijana wa Kiyahudi, waliteka sehemu muhimu za Algiers, mji mkuu wa Algeria, ili kuyafungulia njia majeshi ya Marekani na Uingereza. Bado sijaletewa riwaya ya Kiswahili juu ya usiku huo, na naisubiri kwa hamu.

"Wapolandi wa Tengeru walikuwa Wayahudi waliomkimbia Hitler." Hili nimelikuta katika miswada miwili. Wapolandi wapatao 5,000 waliowekwa pale karibu na Arusha, wengi wao wanawake na watoto, kwa sehemu kubwa walikuwa Wakatoliki. Waliowang'oa makwao mwaka 1940 na 1941 walikuwa Wasovieti, wakawapeleka Siberia na Asia ya Kati. Wakafika Afrika Mashariki kupitia Iran. Msichana wako wa Tengeru usimtoe katika geto la Warsaw. Mpandishe kwanza treni ya kwenda Siberia.