Korongo la Tahquitz na maneno ya wageni kabla hawajafika

Gari likishaanza kuiacha Los Angeles kuelekea mashariki, maneno huwa ni yaleyale. Mgeni mmoja atauliza kama kweli jangwani kuna maporomoko ya maji. Mwingine atasema njia ya kilomita tatu si kitu, kwani shuleni kwao walitembea zaidi ya hapo kila asubuhi. Wa tatu, na huyu ndiye anayenitia hofu, atasema joto halimsumbui kwa sababu amezaliwa nalo. Nimeshawapeleka ndugu na marafiki wengi kwenye Korongo la Tahquitz, pale Palm Springs, mji wa jangwani kusini mwa California, na napapenda mahali pale kiasi kwamba sitaki mtu apaendee kwa kuamini yasiyo kweli.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Njia ni ya mzunguko, unamalizia pale ulipoanzia. Urefu wake ni takriban kilomita 3.2 na mwinuko wake ni kama mita 100 hivi. Kule juu, mwisho wa korongo, kuna maporomoko yenye kimo cha mita 18. Ukienda taratibu na kupumzika, saa mbili zinatosha, na mtoto wa shule ya msingi anaimudu.

Dhana: Jangwani hakuna maji, hayo maporomoko yametengenezwa

Hayajatengenezwa. Maji yanatoka mlimani, na mlima huohuo ndio uliolileta jangwa. Palm Springs imekaa chini kabisa ya Mlima San Jacinto, ambao kilele chake kina mita 3,302, ilhali mji wenyewe uko kama mita 150 tu juu ya usawa wa bahari. Mawingu kutoka Bahari ya Pasifiki yakifika pale hayana budi kupanda. Yakipanda yanapoa, yanamwaga mvua na theluji upande wa magharibi na kileleni, kisha yanavuka ng'ambo yakiwa hayana kitu. Mtu wa Same halihitaji somo hili: juu kule milima ya Pare ni kijani na migomba imesimama, wewe uko chini barabarani kwenye vumbi na miiba.

Theluji ikianza kuyeyuka, maji yanashuka kwenye mawe ya itale hadi yafike korongoni. Mwezi wa tatu unaweza kusimama kwenye maegesho umevaa fulana, jasho linakutoka, na ukiinua macho unaona kilele cheupe. Kila nikikiona husimama kidogo, hata kama nimeshakiona mara nyingi.

Njiani utapita kituo cha zamani cha kupimia mtiririko wa kijito, cha Idara ya Jiolojia ya Marekani. Utaona pia mabaki ya mifereji ya umwagiliaji ya watu wa Cahuilla, wenyeji wa bonde hili. Walijua kitambo kwamba jangwa lina maji, wakayaongoza hadi kwenye mashamba yao.

Dhana: Yanatiririka vilevile mwaka mzima

Hapana. Yanashika nguvu baada ya mvua za majira ya baridi hadi theluji inapoyeyuka, yaani kuanzia kama mwezi wa pili hadi wa tano. Mwaka wa ukame, au mwishoni mwa majira ya joto, unaweza kukuta uzi mwembamba tu unaoteleza juu ya mwamba, au mwamba mkavu. Uliza pale mapokezi kabla hujalipa kiingilio.

Dhana: Njia ikiitwa rahisi, hata ndala zinatosha

Rahisi hapa maana yake ni kwamba si ndefu, imechongwa vizuri, ina alama, na hakuna mahali utakapolazimika kukwea kwa mikono. Si kwamba ni tambarare. Kuna vidato vya mawe kama 100, na vingine vinafika karibu na goti la mtu mfupi. Viangalie kwa karibu: jiwe limesuguliwa na miguu ya watu hadi likawa laini, na juu yake kumetandazwa mchanga mwembamba kama unga wa sembe. Kupanda hakuna shida. Wakati wa kushuka ndipo kisigino kinapoteleza. Vaa raba zenye soli ya meno, na kama una mzee mwenye magoti mabovu mpe fimbo na muda wake.

Dhana: Sisi ni watu wa jua, joto la Wazungu halitushindi

Hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Mama yangu mdogo alikuja kutembea mwezi wa tano. Nilipomhimiza anywe maji alinijibu, "Mwanangu, mimi ni mtu wa Dodoma." Alisema kwa upendo, na ni kweli jua la Dodoma analijua. Siku ile joto lilikuwa limekaribia nyuzi 38. Kila nikimgeukia alikuwa mkavu, hana hata tone la jasho usoni, nami nikadhani anaendelea vizuri. Tulipokaa kivulini chini ya ukuta wa korongo ndipo nikaona mgongo wa blauzi yake ya kitenge cha buluu una mistari myeupe kama ramani. Ilikuwa chumvi. Alikuwa ametoka jasho njia nzima, ila hewa ilikuwa ikilinyonya kabla halijalowesha nguo. Chupa yake ilikuwa bado nusu. Kichwa kilikuwa kimeanza kumgonga na hakuniambia, kwa sababu hakutaka kutuharibia siku.

Hewa ya jangwa ni kavu mno. Dar es Salaam au Mombasa ukitoka jasho unajua, maana shati linaganda mwilini. Jangwani jasho linakauka papo hapo, na ile ishara uliyoizoea ya kukwambia unywe haipo. Halafu kuna vipimo. Watu wengi wa Afrika Mashariki wanaishi mahali ambapo nyuzi 35 tayari ni siku ya kulalamikiwa. Palm Springs kwenye mwezi wa saba nyuzi 42 ni jambo la kawaida, na tarehe 5 Julai 2024 zilifika 51. Hakuna mkoa wetu unaomwandaa mtu kwa hali hiyo.

Tena mwili haukumbuki joto la utotoni. Unazoea hali uliyomo sasa: unahitaji kama wiki moja hadi mbili za kukaa kwenye joto ili ujifunze kutoa jasho mapema na kutunza chumvi, na ukihama, mazoea hayo yanapotea ndani ya wiki chache. Aliyezaliwa Tabora akaishi miaka kumi Minnesota au Uswidi ni mgeni wa jua kama mgeni mwingine yeyote. Rangi ya ngozi inapunguza kuungua na jua, hilo kweli, lakini haipunguzi joto ndani ya mwili.

Kwa hiyo nenda asubuhi, mwezi wa kumi na moja hadi wa nne ukiweza. Beba angalau lita moja na nusu kwa kila mtu hata kama njia ni fupi, na nusu ya chupa ikiisha kabla ya maporomoko, geuza. Usinywe maji matupu tu. Kula karanga zenye chumvi au changanya ile pakiti ya chumvi na sukari tunayowapa watoto wanaoharisha. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na misuli kukaza ni dalili za kukaa kivulini na kupoa. Mtu akianza kuongea ovyo, kuyumba au kutojua alipo, hiyo si ya kusubiri: piga 911, namba ya dharura ya Marekani, mloweshe maji mwili mzima, mpepee, na usimwache peke yake. Msimwambie ajikaze. Hili la kujikaza tumelelewa nalo na lina sifa zake, lakini kiharusi cha joto, yaani mwili kushindwa kujipoza, hakijali ujasiri wa mtu.

Dhana: Mbingu ni nyeupe, mafuriko yatatoka wapi?

Yanatoka juu, mahali usipopaona. Korongo ni kama mdomo wa faneli. Mvua ikipiga kwenye miteremko ya juu ya mlima, mwamba haunywi maji, na yote yanashuka kutafuta njia moja. Ulipo wewe jua linaweza kuwa linawaka.

Wakenya wanalijua hili kwa uchungu. Kwenye korongo la Hell's Gate, Naivasha, vijana 7 wa kundi la kanisa walisombwa na mafuriko ya ghafla Aprili 2012. Septemba 2019 wakafa watu wengine 7 katika korongo hilohilo, mmoja wao akiwa kiongozi wa watalii wa eneo lile. Hata mtu anayepaita nyumbani maji yanaweza kumfikia kabla hajakimbia. Wenzetu waishio Oman nao wanazijua wadi, yaani mabonde makavu ya mito, zinavyojaa kwa dakika chache.

Palm Springs kwenyewe, tarehe 14 Februari 2019, ilinyesha zaidi ya milimita 90 kwa siku moja, katika mji ambao mwaka mzima hupata takriban milimita 120 hadi 130. Soma utabiri wa mlimani pia, si wa mjini tu. Ukiwa kando ya kijito na ukaona maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa, yanaleta majani na vijiti, au ukasikia ngurumo isiyokatika kutoka juu, panda ukingoni mara moja. Usikimbilie chini kufuata korongo, maana na maji yanaelekea hukohuko.

Dhana: Kila jiwe lina nyoka

Nyoka wapo, hasa wale wenye njuga mkiani, lakini hawakutafuti. Wakikusikia mapema wanaondoka, na wengi wanaogongwa ni wale waliotia mkono au mguu mahali wasipoona. Usikalie jiwe kabla ya kulitazama upande wa pili. Mjusi mnene anayejitanua tumbo ndani ya ufa hadi asivutike anaitwa chuckwalla, na hana madhara.

Dhana: Ni mbuga ya serikali, na hadithi ya Tahquitz ni ya kuwafurahisha watalii

Ardhi ile ni ya watu wenyewe. Ni ya kabila liitwalo Agua Caliente Band of Cahuilla Indians, na wao ndio wanaoisimamia, wanaopokea kiingilio na wanaoweka walinzi wa njia. Hifadhi yao, yaani ardhi waliyotengewa, ilitangazwa kwa amri ya Rais Ulysses Grant mwaka 1876, lakini kampuni ya reli ilikuwa imeshapewa viwanja kwa kuruka kimoja kimoja, na ndiyo maana ramani ya Palm Springs hadi leo inafanana na ubao wa drafti. Maji nayo waliyapigania: mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba wana haki kwenye maji yaliyo chini ya ardhi yao.

Korongo liliwahi kufungwa kwa umma takriban miaka 30, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Watu walikuwa wameingia kwa wingi, wakalala mapangoni, wakaacha takataka na kuchora rangi kwenye miamba. Kabila lilisafisha, likatengeneza njia, ndipo likawakaribisha tena wageni. Ukikuta bango linalosema usitoke njiani wala usiguse michoro ya kale, hayo ndiyo yaliyolileta.

Tahquitz mwenyewe, wazee wa Cahuilla wanasimulia, alikuwa mganga wa kwanza, aliyeumbwa na Mukat, muumba wa vitu vyote. Alipewa uwezo mkubwa na mwanzoni aliutumia kwa faida ya watu. Baadaye akaugeuza kuwa wa kujinufaisha, watu wakamkasirikia, wakamfukuzia kwenye korongo hili. Akapanda juu, akajifanyia makao pangoni, chini ya mwamba mkubwa unaoitwa kwa jina lake. Roho yake inasemekana bado iko. Usiku hupita angani kama mpira wa moto wa kijani, na mlima ukinguruma ni yeye.

Milima ile inanguruma kweli, kwa maana ufa wa ardhi wa San Jacinto, unaopita upande wa pili wa milima hiyo, ni kati ya zile zinazotikisika mara nyingi zaidi kusini mwa California. Mimi naona hadithi na jiolojia zinazungumzia mlima uleule, na anayesimulia kwao anastahili kusikilizwa kama tunavyowasikiliza wazee wetu wanaposema mti fulani haukatwi. Mtoto wako akiokota jiwe zuri pale kwenye kijito, mwache alishike, alitazame juani, kisha mwambie alirudishe palepale alipolitoa.