Mtaji wa kuendeshea biashara si pesa iliyo kwenye droo

Siku hizi kila mwenye duka akiishiwa pesa utamsikia akisema "mtaji umekata". Mara nyingi haujakata. Upo, ila umelala kwenye rafu na kwenye daftari la madeni.

Mtaji wa kuendeshea biashara ni hesabu ya kutoa tu. Jumlisha vyote vinavyotarajiwa kugeuka pesa ndani ya miezi 12: taslimu, bidhaa za stoo, madeni ya wateja. Toa vyote unavyotakiwa kulipa ndani ya muda huo: wauzaji wa jumla, mishahara, ushuru, marejesho ya mkopo. Kinachobaki ndicho. Basi.

Kwa hiyo usiuchanganye na mtaji wa kuanzia, ambao sehemu yake kubwa pengine ilishageuka friji na mizani, na friji haikulipii mzigo mpya. Wala si pesa ya droo. Mtu anaweza kuwa na mtaji mnono kwenye karatasi akashindwa kulipa umeme, maana hesabu ile haiulizi pesa itafika lini. Na bidhaa zilizododa nazo zimo humo, zikihesabiwa mali mpaka mtu apate ujasiri wa kuzifuta.

Swali la "lini" ni la mtiririko wa fedha, na hapo ndipo watu wanapoingiza faida isipohusika. Tuseme umelipia mzigo wa 100 taslimu. Mzigo umekaa stoo siku 30, kisha ukamuuzia kwa 130 mteja aliyeomba kulipa baada ya siku 45. Siku ya kuuza, daftari linaandika faida ya 30, na halisemi uongo. Lakini droo ina pengo la 100 kuanzia siku uliyonunua hadi siku ya 75, na katikati hapo pango la kila mwezi limeshabisha hodi. Ungechukua ule mzigo kwa mali kauli ya siku 30, yaani kwa mkopo wa muuzaji unaolipwa baada ya siku hizo, pengo lingebaki siku 45. Mzunguko wenyewe ndio huo: siku za mzigo kukaa stoo, jumlisha siku unazokopesha, toa siku unazokopeshwa.

Sasa mauzo yakipanda maradufu kwa masharti yaleyale, pengo la 100 linakuwa la 200. Ndiyo maana biashara yenye faida inaweza kufungwa kwa kupata wateja wengi kuliko inavyoweza kuwabeba. Anayeona oda zimemiminika akaagiza mzigo bila kuangalia tarehe za malipo anajichimbia shimo huku akipongezwa.

Kinyume chake kinanikera zaidi. Kuna anayechukua mali kauli ya siku 30 na kuiuza yote taslimu ndani ya siku 10. Kwa siku 20 anashika pesa ambayo sehemu kubwa ni ya muuzaji wa jumla. Droo imejaa, naye anasema biashara imekubali, ananunua simu mpya. Huyo hajapata faida ya kiasi kile, ameazimwa. Siku ya 30 ikifika anakopa ili alipe, na rejesho la mkopo linatoka kwenye droo ileile, ingawa kwenye hesabu ya faida utaona riba peke yake. Uchakavu wa mashine, yaani thamani yake inayopungua kadiri inavyotumika, hufanya kinyume: unapunguza faida bila kugusa droo hata kidogo.

Kwa hiyo anayekwambia "faida ipo, basi pesa ipo", usimbishie sana. Mwombe tu aandike tarehe pembeni ya kila kiasi kwenye daftari lake, cha kuingia na cha kutoka, wiki kwa wiki kwa miezi mitatu ijayo. Wiki ambayo vya kutoka vitazidi vya kuingia na bakaa ya droo kwa pamoja, ndiyo wiki ya kuzungumza na muuzaji wa jumla mapema, au na yule mteja wa siku 45.