Mwili wa mwanariadha: mazoezi yaliuumba au mchezo uliuchagua?

Ukianza kukimbia ukapungua, shangazi atakuuliza kama unaumwa. Jioni hiyohiyo, mbele ya televisheni, atamsifia Eliud Kipchoge kwa wembamba uleule uliomtia wasiwasi kwako.

Dhana: Ukikimbia vya kutosha utakuwa na mwili wa bingwa wa marathoni.

Mazoezi hubadilisha mengi: moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, na misuli ya miguu hujifunza kutumia oksijeni vizuri. Lakini hayarefushi mfupa wa paja wala kupunguza upana wa nyonga. Wale wanaoongoza mbio wamekwishachujwa tangu kuzaliwa, na hata chujio lenyewe lina matundu makubwa. Mkimbiaji Mkenya Paul Tergat ana urefu wa takriban mita 1.82, Mwethiopia Haile Gebrselassie takriban 1.65. Kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, katika mita 10,000, Haile alimshinda kwa sekunde 0.09. Baadaye kila mmoja alivunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin, Tergat kwa 2:04:55 mwaka 2003, Haile kwa 2:04:26 mwaka 2007. Sasa mwili sahihi ni upi hapo?

Dhana: Kuogelea hupanua mabega.

Misuli huongezeka, ndiyo. Ila wenye mabega mapana na mikono mirefu ndio wanaoshinda, kwa hiyo ndio tunaowaona. (Wanaoamini dhana hii ndio haohao wanaomwambia mtoto acheze kikapu ili arefuke.)

Dhana: Mafuta ni adui wa stamina.

Mwulize anayeogelea kwenye maji ya baridi. Mwaka 1987 Mmarekani Lynne Cox alivuka mlangobahari wa Bering, kati ya Alaska na Siberia, akiwa na vazi la kawaida la kuogelea, na tabaka lake la mafuta lilikuwa sehemu ya kinga yake. Mkimbiaji mkondefu asingefika mbali mle.

Dhana: Mizani ikishuka, kasi hupanda, na hedhi ikikatika, ujue mazoezi yamekolea.

Hii ndiyo inayoumiza watu, na ina nguvu kwa sababu mwanzoni huonekana kweli: ukipungua kidogo, unaweza kukimbia vizuri kwa miezi kadhaa. Kisha mwili unaopewa chakula kidogo kuliko unachotumia huanza kubana matumizi. Hedhi husimama, estrojeni hushuka, na mifupa inayotegemea homoni hiyo hudhoofika hadi kupata nyufa. Wanaume nao hawajasalimika. Testosteroni yao hushuka, na ndiyo maana mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipoielezea hali hii upya iliwahusisha na wao. Waendesha baiskeli wana mtego wa ziada. Baiskeli hubeba uzito wao, mifupa haipati mtikisiko unaoiimarisha, hivyo mtu mwenye mapaja kama magogo anaweza kuwa na uti wa mgongo dhaifu kuliko jirani yake asiyefanya mazoezi.

Kocha anayemwambia binti apunguze kilo, bila kumuuliza anakula nini wala kama anaona siku zake, anacheza kamari na mifupa ya mtu mwingine.

Dhana: Mwanamke akizaa, mwili wa mbio umekwisha.

Mkimbiaji Mkenya Vivian Cheruiyot alijifungua mwaka 2013. Mwaka 2015 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 10,000, na mwaka uliofuata, Rio, akachukua dhahabu ya mita 5,000 kwa rekodi ya Olimpiki: 14:26.17.