Baka la usoni na mawimbi ya ubongo wa mtoto

Nikiletewa mtoto mchanga mwenye baka jekundu usoni, kwanza naangalia limekaa wapi. Likiwa shavuni tu, kwa kawaida sina wasiwasi mkubwa na ubongo. Likishika paji la uso au kope ya juu, maswali yanaongezeka, kwani mishipa ya damu iliyokaa ovyo kwenye ngozi huenda imekaa ovyo pia kwenye utando wa ubongo, upande uleule. Huo ndio ugonjwa wa Sturge-Weber. Mwaka 2013 watafiti walitambua chanzo chake: hitilafu ya jeni iitwayo GNAQ, inayozuka mtoto akiwa bado tumboni mwa mama. Hairithiwi, wala mama hakukosea chochote. Hilo nalisema kabla sijaulizwa.

Watoto wengi wenye ugonjwa huu hupata degedege kabla ya kutimiza mwaka. Bahati mbaya, MRI (picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku) ya miezi ya mwanzo inaweza kutoka safi kumbe tatizo lipo, na mara nyingi mtoto hulazimika kupewa dawa ya usingizi ili atulie.

Kipimo cha EEG, yaani cha mawimbi ya umeme wa ubongo, ni chepesi zaidi. Mtoto ananyonya, anasinzia, tunambandika elektrodi, vidude vidogo vya kunasa mawimbi hayo, kichwani amepakatwa na mama. Mashine haimtii umeme, inasoma ule wa ubongo wenyewe. Ninachotafuta ni tofauti ya kushoto na kulia. Upande ambao damu haizunguki vizuri, mawimbi yake hufifia, wakati mwingine hata kabla ya degedege la kwanza. Tofauti kubwa naiona kwa macho. Ndogo naiachia kompyuta, ipime nguvu ya mawimbi ya kila upande na kulinganisha.

Ila mawimbi hayo hudanganya. Elektrodi ikilegea, au mtoto akiulalia upande mmoja, tofauti inajitokeza bila ugonjwa. Baka likiwa pande zote mbili, cha kulinganishia kinakosekana. Ndiyo maana EEG pekee hainitoshi kutamka ugonjwa. Inanisaidia kuamua nani afuatiliwe kwa karibu. Mzazi wake namfundisha dalili za kuangalia: mkono mmoja unaorukaruka, macho yaliyokwama upande mmoja.

Na jicho la upande wa baka likapimwe presha mapema, maana presha ya jicho EEG haiioni kabisa.