Kifafa cha mimba hakianzi siku ya kuanguka

Tulikuwa tumekwama Buguruni, saa nane mchana, dereva kazima injini na hewa imesimama. Kiti cha mbele yangu mama mmoja wa makamo alikuwa akimsimulia binti aliyekaa naye habari za mkwewe. "Eti ana kifafa cha mimba. Nikamwambia nesi, mwanangu, sisi kwetu kifafa hakuna, labda huko kwao." Binti akauliza kama mgonjwa ameshaanguka. Hajaanguka hata mara moja. "Basi hana," akasema binti. Mama akaafiki, wakahamia kwenye bei ya mchele.

Hiyo "basi hana" nimeshaisikia msibani, nimeisikia saluni, na nimeichoka.

Maana yenyewe niimalize upesi. Mjamzito aliyepita wiki 20, ambaye zamani presha yake ilikuwa sawa, akipimwa na kukutwa na 140/90 au zaidi, akarudiwa baada ya saa chache ikawa hivyo hivyo, na mkojo wake una protini, ana prieklampsia. Siku hizi hata protini isipoonekana, kama figo, ini, chembe sahani za damu (zile za kuigandisha) au ubongo vimeanza kuguswa, jina ni hilo hilo. Akipata degedege juu ya hapo, na hakuna sababu nyingine ya degedege hiyo, sasa ni eklampsia. Presha ikiwa imepanda peke yake bila hayo mengine, ni presha ya mimba. Mambo matatu. Sisi tumeyatia yote kwenye gunia moja na kuliandika "kifafa cha mimba", kisha tunashangaa watu wanapotoa kisichokuwemo.

Sasa nije kwenye neno, maana shida imelala humo.

Kifafa ni jina zito. Limebeba "fa" mbili ndani yake, na anayelisikia hahitaji kamusi kujua linaelekea wapi. Mtaani kifafa ni ugonjwa wa kuanguka: povu mdomoni, mtu kakakamaa, wengine wanakimbia, mmoja anatafuta kijiko cha kumtia katikati ya meno na mwingine anavua kiatu amnusishe. (Kijiko kinavunja meno. Kiatu hakisaidii chochote. Mlaze mtu ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, mfikishe hospitali.) Ni ugonjwa unaofichwa wakati wa posa, unaoulizwa kwa kunong'ona: je, kwao kuna kifafa? Kwa hiyo nesi akimwambia mama mkwe kwamba binti ana kifafa cha mimba, mama mkwe hasikii "cha mimba" hata kidogo. Neno la kwanza limeshaziba masikio, na tayari ameanza kuhesabu ukoo wa watu.

Wagiriki walifanya namna nyingine. Eklampsia inatokana na neno lao la kung'aa kwa ghafla, mmweko, kama radi inavyopasua wingu la masika kabla hujasikia ngurumo. Walioliazima jina hilo walikuwa wakisema juu ya ughafla: mama alikuwa anaongea, mara huyo. Mwaka 1739 daktari Mfaransa, Boissier de Sauvages, alikaa chini akatenganisha: kifafa ni ugonjwa wa kudumu unaomrudia mtu miaka na miaka, eklampsia ni degedege ya ghafla inayokuja na sababu yake na kuondoka nayo. Karibu miaka 300 iliyopita! Jambo tunalobishania leo kwenye daladala lilishatenganishwa kabla hajatokea mtu wa kumpima mjamzito presha.

Na hiyo presha ilichelewa kweli. Mwaka 1843, London, John Lever wa hospitali ya Guy's alichemsha mkojo wa wanawake waliopata degedege ya uzazi, akaona protini inaganda kama ute wa yai kwenye maji ya moto. Kipimo cha presha cha kufunga mkononi kilikuja mwaka 1896 kutoka kwa Riva-Rocci, Mwitaliano. Hapo ndipo madaktari walipoanza kuona kwamba presha na protini hutangulia, na degedege hufuata, tena kwa wachache. Katikati ya safari hiyo waliwahi kuuita ugonjwa toksemia, wakiamini kuna sumu kwenye damu ya mama. Walitafuta sumu ile, hawakuipata, wakaachana na jina. Hilo ndilo ninalowaonea wivu: wao jina likipotosha, wanalitupa. Sisi la kwetu tumelishikilia.

Simlaumu aliyeunganisha "kifafa" na "cha mimba" kwa mara ya kwanza. Aliona mtu anaanguka na kutetemeka, akatumia neno alilokuwa nalo. Angeweza kutumia degedege, lakini degedege nayo watu wa pwani walikuwa wameshaikabidhi kwa watoto wadogo na kwa ndege wa usiku anayesemwa huwapitia. Lawama yangu ni kwetu tuliokuja baadaye, tuliojua zaidi na bado tukaandika vile vile. Na mimi nimo. Miaka ya nyuma niliwahi kufasiri kipeperushi cha wajawazito, ukurasa mmoja uliokunjwa mara tatu. Prieklampsia ilinilia nafasi, na mhariri alitaka "neno ambalo bibi yangu atalielewa". Nikaweka kifafa cha mimba, mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo kipeperushi changu kilikuwa kinamwambia mwanamke kwamba dalili za kifafa cha mimba ni kichwa kuuma kusikotulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya chembe ya moyo, uso na mikono kuvimba. Akizisoma na hajaanguka, afanye nini? Atajisemea, hii si kifafa, ni uchovu. Atameza panadoli alale. Bibi alilielewa neno vizuri sana, na hapo ndipo tulipomkosea.

Kama bado unadhani ni kifafa kilekile kilichoingia kwenye mimba, iangalie dawa. Mwaka 1995 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa kimataifa uliolinganisha dawa kwa wanawake waliokwisha kupata degedege. Magnesiamu salfeti, ambayo kwa asili ni chumvi tu, ilishindanishwa na diazepamu, na upande mwingine na fenitoini, dawa ya kifafa hasa. Waliopewa magnesiamu walirudiwa na degedege kwa asilimia 52 pungufu kuliko wa diazepamu, na asilimia 67 pungufu kuliko wa fenitoini. Dawa ya kifafa ilishindwa vibaya kwenye "kifafa" hiki. Mwaka 2002 ukaja utafiti wa Magpie, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, safari hii wenye prieklampsia ambao hawajaanguka. Magnesiamu ilipunguza hatari ya kuanguka kwa asilimia 58. Sindano hiyo huchomwa ili mtu asifike huko. Ndiyo maana ndugu wakimkuta mgonjwa wao wodini anaongea vizuri huku anachomwa "dawa ya kifafa" wanagomba na manesi, na manesi wanachoka kueleza.

Neno la pili, "cha mimba", nalo lina uongo wake mdogo. Degedege hii inaweza kuja baada ya kujifungua, mara nyingi ndani ya saa 48 za kwanza, na prieklampsia inaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baadaye, mpaka kwenye ile arobaini. Mzazi anayelalamika kichwa na macho siku ya tano, mtoto keshapewa jina na uji wa pilipili manga unachemka jikoni, huambiwa ni usingizi mchache. Mimba imekwisha, kifafa cha mimba kitoke wapi?

Na chanzo? Hapa utafiti umesogea sana, na umesogea kuelekea mwanzo wa mimba. Mishipa ya damu ya mji wa mimba inatakiwa ifunguliwe na kupanuliwa na kondo la nyuma katika nusu ya kwanza ya ujauzito. Isipopanuka vya kutosha, kondo linabanwa. Mwaka 2003 kundi la Ananth Karumanchi huko Boston lilionyesha kwamba kondo la namna hiyo humwaga kwa wingi protini iitwayo sFlt-1, ambayo hunasa protini nyingine zinazotunza kuta za mishipa ya mama. Mishipa ikikosa matunzo, presha inapanda, figo zinavujisha protini, na mwishoni kabisa, kwa wachache, ubongo unaleta degedege. Yaani siku ya kuanguka ni ukurasa wa mwisho wa kitabu kilichofunguliwa kabla tumbo halijaonekana kwenye dera.

Ndiyo sababu tafiti za kinga zinamkimbilia mwanamke mapema hivyo. Ule wa aspirini uliotoka mwaka 2017 uliwaanzishia wanawake wenye hatari kubwa miligramu 150 kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi ya 14, wakaacha wiki ya 36. Prieklampsia ya kulazimisha kuzaa kabla ya wiki 37 iliwapata asilimia 1.6, dhidi ya 4.3 kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. (Usikimbilie duka la dawa. Ni kwa waliochunguzwa na kuambiwa na daktari.)

Mwingine ulifanyika hapa hapa Dar es Salaam, na sijasikia mtu akiuzungumza hata kwenye foleni ya kliniki. Shirika la Afya Duniani linashauri wajawazito wa nchi zenye chakula chenye kalsiamu kidogo wapewe gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, kupunguza prieklampsia. Ni vidonge vitatu au vinne vikubwa, tena visimezwe pamoja na FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, kwa sababu kalsiamu na madini ya chuma hugombana tumboni. Nani ataweza ratiba hiyo? Basi wanawake 11,000 wa mimba ya kwanza katika jiji hili, na wengine 11,000 India, waligawanywa: wapo waliopata miligramu 1,500, wapo waliopata 500. Matokeo yalichapishwa Januari 2024. Hapa kwetu prieklampsia iliwapata asilimia 3.0 ya waliopata dozi ndogo na 2.7 ya waliopata kubwa, tofauti ambayo kwa vigezo vya utafiti haikuifanya dozi ndogo kuwa duni. Kidonge kimoja kinaweza kutosha pale vitatu vilipoonekana lazima. Jambo kubwa hilo, na limepimwa kwa dada zetu. Lakini ukimpa mwanamke kidonge ukamwambia ni cha kuzuia kifafa cha mimba, na kwao hakuna kifafa, atakiacha kabatini.

Limebaki lile la ukoo, kwa sababu kwenye daladala sikuweza kunyamaza. Foleni ilipoanza kusogea nikainama mbele. "Shikamoo mama. Samahani, nimewasikia." Akaitikia marahaba, akanitazama kama anayejiuliza nauza nini. Nikamwambia hiyo si ya kuulizia kifafa cha ukoo. Mkwe wako ameambiwa presha na protini. Aulize presha imesoma ngapi, mkojo una nini, na kliniki asikose hata siku moja, aanguke asianguke.

"Kwa hiyo si ya kurithi," akasema, kama aliyeshinda kesi.

Nikamwambia kwa sehemu inafuata damu, ila wanachouliza ni kama mama yake au dada yake aliwahi kupata presha ya mimba. Na upande wa mume nao umo, maana mwanamume aliyezaliwa kwa mimba ya namna hiyo naye ameonekana kuchangia. "Wewe mwenyewe mama, mimba ya huyu mwanao ilikuwaje?"

Alikaa kimya mpaka tukapita mataa.

"Walinilaza wiki mbili," akasema. "Lakini presha tu. Hawakuniambia kifafa."